Mnakili wa Sebuleni: Historia ya Kuhifadhi Vipindi kwa Diski

Wapenzi wa Muyaka bin Haji wanajua kuwa mashairi yake yangaliweza kupotea yote. Muyaka alifariki mnamo 1840, na kwa miaka mingi tungo zake zilikaa midomoni mwa watu wa Mombasa. Akatokea Mwalimu Sikujua bin Abdallah, akazikusanya na kuzinakili, naye mmisionari Mwingereza, William Taylor, akazihifadhi hati hizo pamoja na maelezo yake. Sikujua alifariki 1890. Diwani ya Muyaka ilichapwa mwaka 1940 kwa uhariri wa William Hichens, miaka mia moja baada ya kifo cha mtunzi. Kati ya mdomo na kitabu pana karne nzima, na katika karne hiyo tungo hizo zilishikiliwa na mkono wa mnakili.

Nataka kuzungumzia mnakili mwingine, asiyekuwa na wino wala kalamu ya mwanzi: mashine ya nyumbani iliyorekodi vipindi vya televisheni na kanda za video katika diski za DVD. Haikukaa sana sokoni, na vijana wengi hawajapata kuiona. Hata hivyo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyompa mtu wa kawaida nafasi ya mwisho ya kuichukua sauti iliyopita hewani na kuiweka kabatini mwake bila kukitegemea kituo wala kampuni yoyote. Sisi tunaoshughulika na ushairi tunapaswa kuijua historia yake, maana shairi la Kiswahili lina nusu yake katika maandishi na nusu yake katika sauti, na nusu hii ya pili hupotea upesi.

Nianze na neno. Kunakili tumelipata katika kitenzi cha Kiarabu naqala, ambacho maana yake ni kuhamisha, kukichukua kitu mahali pamoja na kukipeleka pengine. Nakala, basi, kwa asili yake ni kitu kilichohamishwa. Wanakili wa Pate, Lamu na Mombasa walilijua hilo kwa vitendo. Karatasi huliwa na mchwa, hulowa unyevu wa bahari, hupasuka kwenye mikunjo. Chuo kilipochakaa kilihamishiwa katika karatasi mpya na mtu aliyekaa chini akaandika mstari kwa mstari. Utenzi wa Chuo cha Herekali, uliotungwa Pate mwaka 1728, umetufikia kwa njia hiyo. Ukiondoa mnakili mmoja katika mnyororo, hatuna utenzi.

Televisheni ilizaliwa bila mnakili. Katika miaka yake ya mwanzo vipindi vingi vilirushwa moja kwa moja, na kilichokwisha kurushwa kilikwisha. Aprili 1956 kampuni ya Ampex ilionyesha mjini Chicago mashine ya kwanza iliyofaa kurekodi picha za televisheni katika utepe wa sumaku. Utepe wenyewe ulikuwa na upana wa inchi mbili, na mashine iliuzwa kwa takriban dola 50,000. Ungedhani kuwa kuanzia hapo kila kitu kilihifadhiwa. Haikuwa hivyo. Utepe ulikuwa ghali, na sifa yake kubwa machoni mwa wahasibu ilikuwa kwamba unaweza kufutwa na kutumiwa tena. Kwa hiyo historia ya mwanzo ya kurekodi televisheni ni, kwa sehemu kubwa, historia ya kufuta.

BBC ya Uingereza ilifuta au kutupa vipindi vingi vya miaka ya 1960. Mchezo wa Doctor Who peke yake ulipoteza karibu vipindi mia moja. Lakini sauti za vipindi hivyo vyote zipo. Zimebaki kwa sababu walikuwapo watazamaji, wengine wakiwa vijana wadogo, walioweka vinasa sauti mbele ya televisheni za nyumbani kwao na kurekodi walichokisikia. Shirika lenye majengo na wahifadhi lilipoteza. Mtoto mwenye kinasa sauti sebuleni alihifadhi. Mwaka 2013 ilitangazwa kuwa vipindi tisa kati ya vilivyopotea vimepatikana Nigeria, katika kituo cha televisheni huko Jos, ambako nakala za kuuzwa nje zilikuwa zimekaa miaka mingi rafuni. Hata NASA, iliyompeleka mwanadamu mwezini Julai 1969, ilihitimisha mwaka 2009 kuwa kanda zilizokuwa na picha bora zaidi za safari ile huenda zilifutwa ili zitumike kwa kazi nyingine. Picha tulizonazo leo zimetoka katika nakala zilizorushwa na vituo vya televisheni.

Mashine iliyobadilisha mambo ilikuja Japani. Sony ilileta Betamax mwaka 1975, JVC ikajibu kwa VHS mwaka uliofuata. Mashindano ya hizo mbili yamesimuliwa sana na sitayarudia. Inatosha kusema kuwa kanda ya kwanza ya Betamax ilichukua saa moja, ile ya VHS saa mbili, na mtu anayetaka kurekodi filamu nzima hakuhitaji kufikiri mara mbili. Jambo kubwa zaidi lilitokea mahakamani. Kampuni za filamu za Universal na Disney ziliishtaki Sony mwaka 1976 zikidai kuwa kurekodi nyumbani ni wizi wa haki za watunzi. Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na tarehe 17 Januari 1984, kwa kura tano dhidi ya nne, majaji waliamua kuwa mtu kurekodi kipindi ili akitazame baadaye si kosa. Katika hukumu hiyo yalitajwa maneno ya Fred Rogers, mtangazaji wa vipindi vya watoto, aliyeieleza mahakama kuwa hakuona ubaya wowote familia kurekodi vipindi vyake na kuvitazama kwa wakati unaozifaa. Kura moja tu ingebadilika, pengine mashine hizi zisingeenea duniani kama zilivyoenea.

Katika mji wa Philadelphia aliishi mwanamke aliyeitwa Marion Stokes, Mmarekani mweusi, mkutubi na mwanaharakati. Mwishoni mwa 1979, wakati wa mgogoro wa mateka wa Marekani nchini Iran, alianza kurekodi habari za televisheni bila kukoma. Aliendelea hadi siku aliyofariki, tarehe 14 Desemba 2012. Alikuwa na mashine kadhaa zilizofanya kazi usiku na mchana, na watu wa nyumbani kwake walipanga safari zao kwa kufuata saa za kubadilisha kanda. Aliacha kanda zipatazo 70,000, ambazo zilipokelewa na maktaba ya kidijitali ya Internet Archive. Alipokuwa hai wapo waliomwona amerukwa na akili. Mimi namwona ndugu yake Mwalimu Sikujua.

Kwetu Tanzania mambo yalikwenda kinyumenyume. Zanzibar ilipata televisheni mapema, mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi. Bara tulikaa bila kituo hata kimoja hadi mwaka 1994, vilipoanza vituo vya binafsi. Televisheni ya taifa ikafuata mwaka 2000. Lakini deki za video zilikwisha kuingia majumbani na katika mabanda ya maonyesho tangu miaka ya 1980. Yaani mashine ya kurekodi ilitangulia, kitu cha kurekodi kikafuata. Matokeo yake ni kuwa watu wengi hawakujua kabisa kuwa deki ina kitufe chekundu chenye kazi yake. Deki ilikuwa ya kutazamia filamu za kukodi, basi.

Ushairi wetu wa hewani, kabla ya hapo, uliishi redioni, katika vipindi kama Malenga Wetu cha Redio Tanzania Dar es Salaam. Televisheni ilipokuja, ushairi ukapata uso. Tukawaona malenga wakikaa, wakishika karatasi au wakiiweka kando, wakifumba macho kabla ya kuanza. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, na nilikuwa na shida mahususi. Nilikuwa nikifundisha ghani kwa chaki. Niliandika ubaoni kuwa ghani ni usemaji wa shairi kwa sauti kati ya kuimba na kuzungumza, wanafunzi wakanakili, wakafaulu mtihani, na wengi wao hawakuwahi kumsikia mtu akighani. Chuoni kwetu ualimu tulifundishwa kuwa kielelezo ni nusu ya somo. Nikanunua deki mwaka 1995, na kuanzia hapo nikawa narekodi: mahojiano na malenga, ngonjera za sikukuu za taifa, taarabu, malumbano ya watunzi, na vipindi vya lugha. Nilitumia kanda za E-180, ambazo huchukua dakika 180. Baada ya miaka kumi nilikuwa na kanda 64 katika makasha matatu.

Kanda za video hazikutengenezwa zidumu. Picha imo katika punje za sumaku zilizogandishwa kwa gundi juu ya utepe wa plastiki. Joto huilegeza gundi, unyevu huleta ukungu mweupe kwenye kingo za utepe, na kila unapoicheza kanda unaikwangua kidogo. Ndipo ilipokuja zamu ya diski. DVD yenyewe ilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa 1996, lakini ilikuwa ya kutazama tu. Mashine ya kwanza ya nyumbani ya kurekodi DVD ilitolewa na Pioneer, hukohuko Japani, mwishoni mwa 1999. Bei yake ilikuwa maelfu ya dola. Katikati ya muongo uliofuata ilishuka hadi dola mia chache, na zikatoka mashine zenye matundu mawili, moja la kanda na moja la diski, zilizotengenezwa kana kwamba mtengenezaji alikuwa amechungulia makasha yangu. Yangu niliipata mwaka 2007 kwa mtu aliyerejea kutoka Dubai.

Wasomaji wasiopata kuitumia wanaweza kudhani ni kazi ya kubonyeza na kuondoka. Mashine hii hunakili kwa mwendo wa muda halisi: kanda ya saa tatu huchukua saa tatu. Diski ya kawaida ina nafasi ya gigabaiti 4.7, na mtumiaji huchagua aijaze kwa saa moja, mbili, nne au sita. Ukichagua saa nyingi, mashine huibana picha, na uso wa malenga anayetikisa kichwa huvunjika vipande vya miraba kama sakafu ya vigae. Kwangu mimi saa mbili ndiyo kikomo. Kanda ya dakika 180 kwa hiyo hudai diski mbili, na hudai mtu wa kukaa nayo ajue pa kuikata, kwa sababu mashine haijui kuwa mshororo haujaisha.

Mwishoni pana hatua ambayo mafundi huiita kufunga diski. Diski isiyofungwa husomeka katika mashine iliyoirekodi tu. Ukiipeleka kwenye deki ya jirani haionekani kuwa na kitu. Hatua hiyo hunikumbusha desturi ya watunzi wa tenzi, ambao katika beti za mwisho hutaja jina lao, tarehe, na pengine idadi ya beti, ndipo kazi inahesabika kuwa imekamilika na inaweza kutembea. Nami nimejiwekea sharti: hakuna diski inayotoka mezani bila kuandikwa kituo, tarehe ya kurushwa, majina ya wasemaji na tarehe ya kunakiliwa. Kalamu iwe ya wino laini usio na asidi, na maandishi yakae karibu na tundu la katikati.

Tena pana neno la mitaani, kuchoma. Vijana husema wamechoma CD, wamechoma DVD. Wako wasomi wa lugha wanaolikunjia uso neno hili, wakisema kuchoma ni kuangamiza. Nadhani limekaa vizuri. Mwali wa leza ndani ya mashine huipasha joto rangi iliyopakwa katika diski hadi ibadilike, na alama hizo za joto ndizo zinazosomwa baadaye kuwa picha na sauti. Ni kuchoma kwa maana ileile ya mtu anayepiga chapa ng'ombe. Lakini rangi hiyo nayo huchuja kwa jua na joto, kwa hiyo diski ikae gizani, isimame wima, isilazwe juu ya spika.

Mashine nyingi zilimwezesha mtumiaji kukata matangazo ya biashara. Wengi walifanya hivyo, nami nawasihi wenye kanda za zamani wasifanye. Matangazo ndiyo sehemu tajiri kuliko zote kwa mtu wa lugha. Katika kanda zangu za miaka ya 1990 nasikia jinsi tulivyohangaika kukipa jina kila kitu kilichoingia nchini: simu isiyo na waya inaitwa hivi leo, wiki ijayo inaitwa vile. Mtunzi huchuja maneno yake. Mwandishi wa tangazo huyachukua mabichi.

Sasa niseme kwa nini nayasema haya kwa mkazo. Mwaka 2014 alinijia binti mmoja, mjukuu wa malenga wa Pwani ambaye sitamtaja kwa kuwa jamaa zake hawapendi. Babu yake alikwisha kufariki. Alijua kuwa mzee alighani katika televisheni mwaka 1998. Alikwenda katika kituo husika, akaambiwa kuwa kanda za miaka ile zilirekodiwa vitu vingine juu yake. Mtu fulani akamwelekeza kwangu. Nilikuwa nacho. Kilikuwa cha dakika tisa, katikati ya kanda yenye taarifa ya habari na mechi ya mpira, nami nilikwisha kukihamishia katika diski.

Shairi lile nilikuwa nalo pia katika maandishi, nimelikata gazetini. Katika karatasi lina kasoro. Kila mshororo una mizani kumi na sita, nane kwa nane, isipokuwa mmoja katika ubeti wa nne ambao ukwapi wake una mizani saba. Nimewahi kuutumia mshororo huo darasani kuwa mfano wa ukosefu wa urari, kama walimu wengi wangefanya. Tulipoiweka diski na mzee akafika katika ubeti wa nne, tulisikia anaivuta silabi ya tatu ya ukwapi, anaipandisha, anaishusha, na kuipa pumzi ya mizani mbili kamili. Hakukuwa na pengo lolote. Mahadhi yalikuwa yametengewa nafasi ile, na neno alilolichagua lilikuwa neno la kilio. Mhariri wa gazeti hakuwa na herufi ya kuandika mvuto ule, wala mimi sina. Binti alitaka tuurudie, tukaurudia mara sita au saba. Kisha akaniuliza kama babu yake alikuwa na mashairi mengine yenye mizani pungufu ambayo watu wameyasahihisha walipoyachapa. Swali hilo linanikosesha usingizi hadi leo, kwa sababu jibu lake limo katika kanda zilizofutwa.

Nakala ya diski ile nilimpa siku hiyohiyo. Kunakili kwa ajili ya familia, darasa na utafiti ni jambo moja. Kuzichoma kazi za watunzi na kuzipanga barabarani kwa bei ya andazi ni jambo jingine, na nisingependa mtu ayachanganye.

Utawala wa mashine hii ulikwisha kwa njia ambayo wengi hawakuitambua. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na mikoa mingine ikafuata; Kenya nayo ilizima mwaka 2015. Ving'amuzi vikaingia kila nyumba. Mashine za kurekodi zilikuwa na kipokezi chao cha analojia, ambacho kwa siku moja kikawa kiziwi. Mtu aliyetaka kuendelea ilimbidi aunganishe nyaya tatu, ya njano kwa picha, nyeupe na nyekundu kwa sauti, kutoka king'amuzi hadi mashine, kisha aache king'amuzi katika kituo kilekile hadi kipindi kiishe. Wachache walijisumbua. Wakati huohuo watu walianza kusema kuwa kila kitu kipo mtandaoni. Vingi vipo, ni kweli, hadi siku mwenye akaunti anapovifuta au kusahau nywila. Julai 2016 Funai ya Japani, iliyokuwa kampuni ya mwisho duniani kutengeneza deki za video, ilisimamisha kazi hiyo. Vichwa vya kusomea kanda sasa hupatikana kwa kuvunja mashine nyingine.

Fundi wangu amekwisha kuvunja mbili. Kati ya kanda 64 nimehamisha 51, na diski za mwanzo, za mwaka 2007, nimeanza kuzihamishia tena katika diski kuu ya kompyuta, nakala mbili mbili, moja ikae kwangu na moja kwa mwanafunzi wangu wa zamani anayefundisha Morogoro. Yeye huzitumia katika kidato cha tatu kwa somo la ghani. Kanda 13 zilizobaki nimeziacha mwisho kwa sababu zina ukungu na zinataka kusafishwa polepole kwa spiriti, pinji kwa pinji. Mbili kati ya hizo ni za wiki ya maombolezo ya Mwalimu Nyerere, Oktoba 1999, ambayo watunzi walisoma tungo zao hewani mchana na usiku, wengine wakizitunga wakiwa wamesimama foleni. Nyingi hazikuchapwa popote. Nitaanza na hizo mvua zikikatika na hewa ikikauka, na yeyote mwenye kanda za wiki ile, hata kama ameirekodi mechi juu ya nusu yake, namwomba asiitupe kabla hatujasikilizana.